Lope de Vega: Padri Aliyeandika Kisa cha Fuenteovejuna

Mwezi Aprili 1476, kusini mwa Hispania, wanakijiji wa Fuenteovejuna waliivamia usiku nyumba ya mtawala wao wakamuua. Aliyeuawa alikuwa Fernán Gómez de Guzmán, Kamanda Mkuu wa Shirika la Calatrava. Hakimu alitumwa kumtafuta muuaji. Akawakamata watu, akawatesa, akawauliza wote swali moja: ni nani aliyemuua Kamanda? Wote walimjibu kwa jina moja, nalo halikuwa jina la mtu. Lilikuwa jina la kijiji chao. Hakimu alirudi mikono mitupu, na uchunguzi ukaamriwa ukome.

Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1572 katika historia iliyoandikwa na Francisco de Rades y Andrada, ambaye mwenyewe alikuwa mwanashirika wa Calatrava. Pengine kingebaki humo kikisomwa na wachache, kama si mtu mmoja wa Madrid aliyekichukua na kukifanya tamthiliya. Wataalamu wanakadiria kwamba aliiandika kati ya mwaka 1612 na 1614. Ndiyo miaka ileile aliyomzika mwanawe, akamzika mkewe, kisha akapewa daraja takatifu la upadri. Jina lake ni Lope de Vega. Vitabu vya fasihi humtaja kama baba wa tamthiliya ya Kihispania. Kwamba miaka yake 21 ya mwisho aliiishi akiwa padri, vingi hulitaja kwa sentensi moja na kupita. Sisi tulio seminarini hatuwezi kupita upesi hivyo.

Lope Félix de Vega Carpio alizaliwa Madrid mwishoni mwa mwaka 1562. Baba yake alikuwa fundi wa kutarizi, mtu wa milima ya kaskazini aliyekuja mjini kutafuta maisha. Mtoto alisoma kwa Wajesuiti, na baadaye akawa mtumishi katika nyumba ya Askofu Jerónimo Manrique wa Ávila. Mwaka 1583 alikwenda na meli za mfalme kupigana katika visiwa vya Azores. Kufikia hapo ungesema ni kijana wa kawaida wa Hispania ya wakati wake: sala kidogo, shule kidogo, vita kidogo.

Aliporudi alimpenda Elena Osorio, binti wa kiongozi wa kundi la maigizo, mwanamke aliyekuwa na mume. Elena alipomwacha kwa ajili ya mtu mwenye fedha zaidi, Lope alisambaza mashairi ya kumtukana yeye na jamaa zake wote. Walimshtaki. Mwaka 1588 mahakama ilimhukumu kukaa mbali na mji mkuu kwa miaka minane, na mbali na nchi nzima ya Castilla kwa miwili. Kabla hukumu haijapoa akamtorosha msichana wa familia ya heshima, Isabel de Urbina. Ndoa yao ilifungwa Mei mwaka huohuo, Lope mwenyewe akiwa hayupo, mtu mwingine akisimama badala yake. Wiki chache baadaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alipanda meli na ile Armada kubwa iliyokwenda kushindwa katika bahari ya Uingereza.

Msomaji alikumbuke jambo hilo la kumtorosha binti wa watu, maana litarudi.

Uhamishoni, katika mji wa Valencia, ndiko alikokomaa katika kuandika kwa ajili ya jukwaa. Baadaye akawa katibu wa Duke wa Alba. Isabel alifariki, na mabinti aliomzalia wakafa wakiwa wadogo. Lope alirudi Madrid mwaka 1595, na mwaka 1598 akamwoa Juana de Guardo, binti wa tajiri wa biashara ya nyama. Wakati huohuo alikuwa na nyumba ya pili kwa mwigizaji Micaela de Luján, aliyemzalia watoto kadhaa. Sitawataja wanawake wote wa maisha yake. Makala ingekwisha kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Itoshe kusema kwamba kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa anakula meza mbili na kuandika usiku ili zote mbili zipate mkate.

Na aliandika kweli. Rafiki na mwanafunzi wake, Padri Juan Pérez de Montalbán, alidai kwamba Lope aliandika tamthiliya 1,800. Wengi leo wanaona hesabu hiyo imetiwa chumvi, lakini zilizobaki ni mamia. Mjini Madrid neno la kusema kitu ni cha Lope lilikuja kumaanisha kitu hicho ni kizuri, kiwe tikiti maji au kitambaa. Cervantes, aliyetamani kufanikiwa katika tamthiliya na hakufanikiwa, aliona Lope akilichukua jukwaa lote. (Leo nyumba ya Lope ipo katika mtaa wenye jina la Cervantes, na Cervantes amezikwa katika monasteri iliyo kwenye mtaa wenye jina la Lope. Mji nao una utani wake.)

Kumbi za maigizo za Madrid zilikuwa nyua zilizo wazi juu, katikati ya nyumba za watu. Mbili zilizojulikana zaidi zilianzishwa na vyama vya kitume vya walei, na sehemu ya kiingilio ilikwenda kutunza hospitali za maskini. Hivyo mtu aliyelipa kumcheka mchekeshaji alikuwa pia anamnunulia mgonjwa uji. Wanaume wa kawaida walisimama chini uwanjani. Wanawake walikuwa na jukwaa lao la kukaa, wametengwa na wanaume. Mapadri na wasomi walikuwa na nafasi yao juu kabisa. Naomba mpangilio huo ukae akilini, kwa sababu tamthiliya ya Fuenteovejuna inaonekana tofauti ukikumbuka nani alikuwa ameketi wapi.

Mwaka 1609 Lope alichapisha maelezo ya namna anavyoandika. Wasomi walimlaumu kwamba amevunja kanuni za kale, anachanganya kicheko na kilio, anaweka wafalme na wachunga mbuzi katika mchezo mmoja. Alijibu, kwa kejeli nusu na ukweli nusu, kwamba akitaka kuandika huzifungia kanuni kwa funguo, kwa sababu wanaolipa ni watu wa kawaida. Alikuwa akiwachukulia watu hao kwa uzito. Tayari mwaka 1599 alikuwa ametoa shairi refu juu ya Isidori, mkulima wa Madrid aliyelima mashamba ya bwana wake na kuishi kitakatifu na mkewe Maria. Wakati huo Isidori alikuwa bado hajatangazwa mtakatifu. Wazo kwamba mtu wa jembe ana heshima sawa na mtu wa upanga halikuwa wazo la kawaida Hispania. Lope alilibeba kwa miaka mingi, na likazaa matunda katika tamthiliya zaidi ya moja. Katika mojawapo, mkulima Peribáñez anamuua kamanda wa Ocaña aliyemwinda mkewe, na mfalme anamsamehe.

Mwaka 1610 alinunua nyumba Madrid, yenye bustani ndogo na chumba cha sala. Akamrudia mkewe Juana na mwanao mdogo Carlos Félix. Alikuwa amekwisha jiunga na chama cha kuabudu Sakramenti Takatifu, na mwaka 1611 akaingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Inaonekana alikuwa anatafuta kutulia. Ndipo mwaka 1612 Carlos Félix akafa, akiwa hajamaliza utoto. Mwaka uliofuata Juana alijifungua binti, Feliciana, akafariki. Lope alikuwa na miaka 50, mjane mara ya pili, na katika nyumba yake walikusanyika watoto wa mama tofauti.

Hicho ndicho kipindi alichoandika Fuenteovejuna. Tuisikie hadithi yenyewe.

Kamanda anaishi kijijini kama simba kwenye zizi. Msalaba mwekundu wa Calatrava umeshonwa kifuani pake. Shirika hilo lilizaliwa katika karne ya 12 chini ya malezi ya watawa wa Sitoo, ili kulinda Wakristo wa mipakani. Kwa hiyo huyu si jambazi aliyetoka porini. Ni mtu aliyewekwa wakfu kulinda watu, na anawawinda. Anamtaka Laurencia, binti wa mkuu wa kijiji, mzee Esteban. Anamkuta kijitoni, anaweka upinde wake chini ili amshike vizuri. Kijana Frondoso anauokota upinde na kumwelekezea, na Kamanda analazimika kumwachia binti. Hilo hatalisahau. Msichana mwingine, Jacinta, anakamatwa. Mengo, mkulima mnene mpenda utani, anamtetea, anavuliwa nguo na kuchapwa mijeledi. Jacinta anatupwa kwa askari kama sehemu ya mizigo ya jeshi.

Wazee wanapojaribu kumweleza Kamanda kwamba anawavunjia heshima, anacheka. Anawauliza kama watu kama wao nao wana heshima. Mmoja wa wazee anamjibu kwa adabu, lakini kwa makali, kwamba huenda wapo wanaovaa msalaba huo ambao damu yao si safi kama inavyodhaniwa. Hebu fikiria sentensi hiyo ikisemwa huku mapadri wameketi juu wakisikiliza.

Kisha inakuja arusi ya Laurencia na Frondoso. Watu wanaimba. Kamanda anaingia, anaamuru bwana arusi afungwe, anaichukua fimbo ya uongozi ya mzee Esteban na kumpiga nayo, anamchukua bibi arusi. Wanaume wa kijiji wanakutana kujadili. Mmoja anashauri wahame, mwingine wapeleke malalamiko kwa mfalme, mwingine anaona hatari. Ni kikao kama vikao vingi tunavyovijua: kila mtu ana hoja na hakuna anayesimama.

Mlango unafunguka. Laurencia ametoroka. Nywele zimetimka, ana michubuko, baba yake anashindwa kumtambua. Hapa Lope anampa mwanamke huyu hotuba ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kilele cha kazi yake yote. Hawaombi huruma. Anawaambia kwamba wao ni wachungaji waoga walioitazama mbwamwitu akimbeba kondoo. Anawaambia wamwachie silaha, wao wavae nguo za wanawake na wakasokote uzi. Wanawake wenzake wanaungana naye, wanajipanga kama kikosi chenye bendera. Sasa kumbuka jukwaa la wanawake katika ule ukumbi wa Madrid. Laurencia hakuwa anawasemesha wazee wa kijiji peke yao.

Kamanda anauawa. Kabla hakimu hajafika, mzee Esteban anawafanyisha watu mazoezi. Anajifanya yeye ni hakimu, Mengo anajifanya anateswa, wanajaribu jibu lao mpaka linakaa mdomoni. Halafu mateso yenyewe yanakuja, na Lope hayaweki mbele ya macho yetu. Laurencia na Frondoso wamesimama nje, wanasikia. Anateswa mzee Esteban. Anateswa mtoto wa miaka kumi. Anateswa mwanamke. Kila mmoja analitaja jina la kijiji. Mwisho ni zamu ya Mengo, na watazamaji wanashika roho zao mkononi, kwa sababu Mengo anapenda maisha na anaogopa maumivu. Mengo analia kwamba atasema. Hakimu anasogea karibu. Naye anasema jina la kijiji, tena analipunguza kwa kubembeleza, kama mtu anavyomwita mtoto wake. Ukumbi mzima ulicheka hapo, bila shaka, na mimi niliposoma nilicheka, kisha nikaona aibu kidogo, kwa sababu mtu alikuwa anateswa.

Hakimu anamweleza mfalme kwamba ametesa watu 300 bila kupata mstari mmoja wa ushahidi. Ama awasamehe wote, ama aue kijiji kizima. Mfalme anasamehe, na kukiweka kijiji chini ya ulinzi wake.

Katika darasa la falsafa tunasoma kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikataa kuuita uasi kitendo cha kuuondoa utawala wa kidhalimu, isipokuwa pale ambapo vurugu yake italeta madhara makubwa kuliko dhuluma yenyewe. Alisema mdhalimu ndiye hasa mwasi, kwa kuwa anautanguliza ubinafsi wake mbele ya manufaa ya wote. Lakini Tomaso huyohuyo alifundisha kwamba si kazi ya mtu binafsi kumuua mtawala. Jambo hilo ni la mamlaka ya umma. Miaka michache kabla ya tamthiliya hii, mwaka 1599, Mjesuiti Juan de Mariana aliandika kitabu kilichokwenda mbali zaidi, kikiona katika hali fulani ni halali kumuua mdhalimu. Mfalme Henri IV wa Ufaransa alipouawa mwaka 1610, kitabu hicho kilichomwa moto Paris. Lope aliandika huku moshi huo haujaisha hewani. Na tazama alivyofanya: mfalme wake hasemi kwamba wanakijiji walitenda haki. Anasema kosa ni kubwa na hakuna ushahidi. Wapo walioona mwisho huo ni woga. Mjini Kiev, mwaka 1919, tamthiliya ilichezwa bila sehemu ya mfalme, na Federico García Lorca alifanya vivyo hivyo alipoizungusha vijijini Hispania katika miaka ya 1930. Mimi sioni woga. Lope hakutaka tutoke ukumbini tukishangilia maiti. Watu waliomuua Kamanda walimrarua kikatili, na tamthiliya haifichi hilo. Kinachobaki kimesimama ni kwamba hakuna aliyemtaja mwenzake.

Mei 1614, mjini Toledo, mwandishi wa maneno hayo alipewa upadri.

Je, alikuwa na wito? Siwezi kuuhukumu moyo wa mtu. Mashairi ya toba aliyotoa mwaka huo yamesomwa na Wahispania kwa vizazi kama sala za kweli, na mtu hawezi kughushi kilio cha namna ile. Hata hivyo, alipokwenda Toledo kupokea madaraja alifikia katika nyumba ya mwigizaji wa kike, Jerónima de Burgos. Na kulikuwa na jambo la Duke wa Sessa. Tangu mwaka 1605 Lope alimtumikia bwana huyu, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kumwandikia barua za mapenzi kwa wanawake wake. Alipokuwa padri, muungamishi alikataa kumpa maondoleo mpaka aache kazi hiyo. Barua za Lope kwa Duke zimehifadhiwa. Humo anamsihi bwana wake amwachilie, anaeleza kwamba anashindwa kupata maondoleo, kwamba ni mzigo juu ya roho yake. Duke alikuwa anamlipa, na Lope alikuwa na nyumba ya kulisha. Huyu ndiye mtu aliyeandika hotuba ya Laurencia, naye anashindwa kumwambia tajiri mmoja hapana. Wahenga wetu walikwisha sema: mganga hajigangi.

Mwaka 1616 alimpenda Marta de Nevares. Marta alikuwa ameozwa akiwa bado msichana mdogo kwa mfanyabiashara, Roque Hernández, na hakuwa na raha katika ndoa hiyo. Mwaka 1617 akazaa binti wa Lope, Antonia Clara. Madrid yote ilijua. Washairi maadui zake, Góngora akiwa wa kwanza, walimcheka kwa mashairi. Roque alipofariki, Marta aliishi na Lope.

Nimesoma waandishi wanaoipamba habari hii kama hadithi ya mapenzi makuu, na wengine wanaoitumia kuwadhihaki mapadri wote. Wote wawili wananichosha. Marta alikuwa mke wa mtu, na Lope alikuwa padri anayesoma Misa asubuhi. Mchungaji aliyemwita kondoo kwake, si kwa zizi. Lakini ukweli huo una upande wa pili ambao nao ni ukweli. Marta alipofuka akiwa bado kijana, na baada ya miaka michache akarukwa na akili. Lope hakumtoa nyumbani. Alimtunza kipofu, akamtunza mgonjwa wa akili, akamtunza mpaka alipofariki mwaka 1632. Hakuna aliyemcheka tena.

Katikati ya miaka hiyo zilikuja siku mbili ambazo naamini zilimgusa kuliko tuzo zote. Februari 1621 binti yake Marcela, mtoto wa Micaela, aliyezaliwa nje ya ndoa, aliingia monasteri ya Watrinitari mjini Madrid. Alikuwa na miaka 15. Akawa Sista Marcela wa Mtakatifu Feliche. Mama wa mtoto huyu alikuwa mwigizaji, baba yake alikuwa padri mwenye kashfa, na alichagua nadhiri akazishika. Monasteri ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani kwa Lope. Siku nyingine ni ya Machi 1622, Isidori mkulima alipotangazwa mtakatifu Roma, pamoja na Ignasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Avila na Filipo Neri. Madrid ilifanya sherehe kubwa, na Lope, aliyekuwa amemwimba Isidori tangu ujana wake, ndiye aliyeongoza mashindano ya mashairi na kuandika michezo miwili juu ya maisha yake. Jembe lilikuwa limefika altareni.

Mwaka 1627 Papa Urbano VIII alimpa shahada ya udaktari wa teolojia na msalaba wa Shirika la Mtakatifu Yohane, baada ya Lope kumtolea shairi juu ya Malkia Maria wa Scotland. Alifurahi kama mtoto. Picha zake za uzeeni zinamwonyesha na msalaba huo mweupe kifuani. Sijui kama aliwahi kujitazama kwenye kioo akamkumbuka Kamanda wake.

Mwaka 1634 ulikuwa mchungu. Mwanawe Lope Félix, askari, alikufa maji katika msafara wa kutafuta lulu kwenye pwani ya Venezuela. Na Antonia Clara, binti wa Marta, akiwa na miaka 17, alitoroshwa na Cristóbal Tenorio, mtu wa jumba la mfalme mwenye kinga ya wakubwa. Binti aliondoka na vitu vya thamani vya nyumbani. Mzee alibaki mahali alipombakiza Esteban katika tamthiliya yake: baba aliyenyang'anywa binti na mtu asiyeshtakika. Pia alibaki mahali walipowahi kubaki wazazi wa Isabel de Urbina, miaka 46 nyuma. Hapakuwa na kijiji cha kusimama naye. Alifanya alichojua kufanya, akaandika shairi juu yake, akificha majina.

Montalbán anasimulia kwamba katika siku za mwisho mzee alijipiga mjeledi wa toba kila Ijumaa, mpaka kuta za chumba zikawa na alama za damu. Agosti 1635 aliugua. Alipopakwa mafuta na kupokea Ekaristi, alimwambia Montalbán kwamba makofi yote aliyopigiwa maishani angeyatoa kwa kupata tendo moja zaidi la fadhila. Alifariki tarehe 27 Agosti, akiwa na miaka 72.

Duke wa Sessa aligharimia mazishi, na ibada za kumwombea ziliendelea siku tisa. Watu walijaa barabarani na madirishani. Njia fupi ya kwenda kanisa la Mtakatifu Sebastiani haikupita kwenye monasteri ya Watrinitari, lakini Sista Marcela alikuwa ameomba. Masista wa ndani hawaruhusiwi kutoka. Kwa hiyo maandamano yakazunguka, mapadri, watu wakubwa, waigizaji, na watu wa kawaida wengi kuliko wote, yakaingia katika mtaa ule mwembamba, na mbele ya wavu wa dirisha la monasteri jeneza likasimamishwa, ili binti amwone baba yake.